Kuhama Kampuni ya Bima: Usiiache ya Kwanza Kimya Kimya

Ndugu mkulima, wakala wa bima amefika nyumbani kwako. Amewatazama ng'ombe wako wa gredi, amelisifu banda lako, na amekuambia ya kwamba kampuni yake itawakatia bima ng'ombe hao kwa ada ndogo kuliko ile unayolipa sasa. Umepiga hesabu ukaona asemayo ni kweli. Umetia sahihi. Vema. Ni haki yako kuhama, wala hakuna sheria inayomfunga mkulima kwa kampuni moja maisha yake yote.

Lakini je, ile kampuni ya kwanza umeiambia nini?

Wengi hawaiambii neno. Huweka karatasi mpya katika sanduku juu ya zile za zamani, wakafikiri kwamba shauri limekwisha. Hapo ndipo fedha hupotea, na pengine ng'ombe hufa na mwenyewe asilipwe hata senti, ingawa anazo risiti za kampuni mbili mkononi.

KUNYAMAZA SI KUFUNGA

Wewe mkulima wa skimu unalijua jambo hili kwa njia nyingine. Wale waliopewa mashamba kwa mkopo wa Serikali tangu miaka ya 1960 walijifunza kwamba kulipa shilingi ya mwisho hakukutosha. Ilipasa kupata karatasi ya kufuta dhamana iliyoandikwa juu ya shamba, ndipo hati ikawa safi. Bima nayo ni mapatano ya maandishi. Huisha kwa maandishi, au kwa siku ya mwisho iliyoandikwa ndani ya hati yenyewe.

Basi kwanza itafute hiyo siku ya mwisho. Bima nyingi za mifugo na za magari ni za miezi 12. Siku ikifika nawe hukulipa tena, imekwisha, na hakuna mtu atakayekufuata. Kama unahama siku hiyo hasa, kazi yako ni ndogo. Lakini ukihama katikati ya mwaka, au kama bima yako ni ile inayolipwa kila mwezi, kunyamaza kwako hakumwambii mtu kitu.

Tazama ada yako hutoka wapi. Wakulima wengi wa maziwa hawalipi kwa mkono; chama cha ushirika hukata fedha katika malipo ya maziwa ya kila mwezi na kuzipeleka kwa kampuni. Karani wa chama hajui kwamba wewe umehama. Yeye ana orodha, na jina lako limo katika orodha, kwa hiyo atakata. Na kampuni mpya ikiisha kuleta orodha yake, atakata mara mbili. Mkulima asiyeisoma karatasi yake ya malipo ya maziwa aweza kukaa miezi mingi akidhani bei ya maziwa imeshuka, kumbe analisha kampuni mbili. Benki ni vivyo hivyo: ukiiagiza ilipe kila mwezi, italipa mpaka uiambie iache.

Kuna na mtego mwingine ambao watu wengi hawaufahamu. Siku hizi benki na kampuni nyingine hukopesha ada ya bima. Kampuni ya bima hulipwa ada yote ya mwaka siku ya kwanza, nawe hurudisha mkopo kidogo kidogo. Ukiifunga bima, mkopo haujafungwa. Hayo ni mapatano mawili, na yakupasa kuwaandikia wote wawili. Fedha zinazorudishwa na kampuni ya bima huenda kwanza kupunguza mkopo huo, na kama hazitoshi, deni linalobaki ni lako.

PENGO LA SIKU CHACHE

Sasa tufike kwenye jambo kubwa zaidi. Tuseme mkulima mmoja ameifunga bima ya kwanza tarehe 31, na bima mpya imeanza tarehe 1. Yeye ataona kwamba hakuna hata siku moja iliyoachwa wazi. Katika bima ya gari ingekuwa hivyo. Katika bima ya ng'ombe sivyo.

Kampuni nyingi zinazokata bima ya mifugo huweka siku za kungoja. Pengine ni siku 14, pengine 21 au 30. Soma hati yako. Katika siku hizo, ng'ombe akifa kwa ugonjwa kampuni hailipi, ingawa ada umekwisha lipa. Akifa kwa ajali, kama kupigwa na radi, kampuni nyingine hulipa tangu siku ya kwanza.

Usifikiri kwamba huo ni ujanja tu. Iko sababu yake, nawe mfugaji waijua kuliko karani wa mjini. Chukua ndigana kali. Kupe wa sikio mwenye rangi ya kahawia humtia ng'ombe ugonjwa huo leo, lakini homa haionekani leo. Huonekana baada ya siku 8 hadi 12, na mara nyingine zaidi. Katika siku hizo ng'ombe anakula vizuri na kukamuliwa vizuri, na Bwana Mifugo aweza kumpima asione kitu. Kampuni mpya ikimchukua ng'ombe huyo bila kungoja, imenunua ugonjwa wa zamani.

Lakini nawe fikiri upande wako. Ya kwanza imekwisha tarehe 31. Ya pili haikujali ugonjwa mpaka katikati ya mwezi au baadaye. Katikati hapo ng'ombe wako, wa shilingi 120,000 au zaidi, amesimama bandani bila bima ya ugonjwa, na ugonjwa ndio unaoua ng'ombe wengi wa gredi. Mkulima ametoka katika nyumba moja kabla ya nyumba ya pili kuezekwa.

Ziko njia mbili za kuliziba pengo hilo. Ya kwanza ni kuiuliza kampuni mpya, kabla ya kulipa, kama itakubali kuacha siku za kungoja kwa sababu ng'ombe huyo alikuwa na bima mpaka jana. Baadhi yao hukubali, ukiwaonyesha hati ya zamani na barua ya daktari wa mifugo. Wakikubali, waandike. Neno la wakala aliyesimama kando ya boma si maandishi.

Njia ya pili ni kuiacha bima ya kwanza iendelee mpaka siku za kungoja za ile ya pili zimalizike. Kwa muda huo utakuwa na bima mbili. Si kosa, maadamu umewaambia wote wawili. Fomu ya kampuni mpya kwa kawaida ina swali: je, mnyama huyu ana bima nyingine? Jibu ndiyo, utaje kampuni, na useme ya kwanza itakwisha tarehe fulani. Anayejibu hapana ili mambo yaende haraka huipa kampuni sababu ya kumnyima malipo siku ya msiba, kwa kuwa mapatano ya bima husimama juu ya ukweli wa aliyejaza fomu.

Na jambo dogo la bandani: kampuni mpya ikija kumtia ng'ombe hereni yake, ile hereni ya kwanza isikatwe mpaka bima ya kwanza iishe. Hereni hiyo ndiyo inayomtambulisha ng'ombe kwa kampuni yake. Bila hiyo utapata taabu kuthibitisha kwamba aliyekufa ndiye aliyeandikwa.

BIMA MBILI HAZILIPI MARA MBILI

Hapa yafaa kuwajibu wale wanaosema, "Afadhali niziache zote mbili, akifa nilipwe mara mbili." Haiwi hivyo. Bima ya mali ni ya kumrudisha mtu mahali alipokuwa kabla ya hasara, si ya kumtajirisha. Ng'ombe wa shilingi 120,000 hulipwa kwa thamani yake, na kampuni mbili hugawana malipo hayo kati yao. Wewe umelipa ada mbili na kupata ng'ombe mmoja. Na ukidai kwa siri kila mahali fedha zote, huo ni udanganyifu, na waweza kushtakiwa.

Kugawana kwenyewe huchelewesha mambo. Kila kampuni hungoja kuona mwenzake atatoa nini, nawe unangoja fedha za kununulia mtamba mwingine. Kwa hiyo hizo siku za kuwa na bima mbili ziwe chache, na zihesabiwe.

HESABU YA FEDHA ZINAZORUDI

Watu huuliza: nikifunga katikati ya mwaka, sitarudishiwa fedha za miezi iliyobaki? Mara nyingi utarudishiwa kitu, lakini si lazima iwe sawasawa na miezi. Kampuni ikikufunga yenyewe, kwa kawaida hurudisha kwa kadiri ya siku zilizobaki. Lakini ukifunga wewe, nyingi hutumia jedwali lao la muda mfupi, na katika jedwali hilo kampuni hubakiza zaidi.

Tuchukue mfano. Ng'ombe wa shilingi 120,000 amekatiwa bima kwa asilimia 4, yaani shilingi 4,800 kwa mwaka, au 400 kwa mwezi. Kampuni mpya inataka asilimia 3, yaani 3,600, au 300 kwa mwezi. Umekaa miezi 4, ukaamua kuhama. Kwa hesabu ya miezi ungerudishiwa 3,200. Lakini tuseme jedwali la kampuni linasema kwamba aliyekaa miezi 4 hutozwa asilimia 60 ya ada ya mwaka. Basi utarudishiwa 1,920. Umepoteza shilingi 1,280. Nayo kampuni mpya katika ile miezi 8 iliyobaki itakuokolea shilingi 100 kwa mwezi, yaani 800. Umehama kwa ajili ya ada ndogo, na mfukoni zimetoka shilingi 480 zaidi kuliko kama ungekaa.

Na kama mwaka huo umekwisha dai na kulipwa, hati nyingi husema hakuna kinachorudishwa.

Kwa hiyo, kama sababu ya kuhama ni bei tu, mimi naona afadhali ungoje mwisho wa mwaka wa bima, na huku ukiandaa ile mpya ianze mapema kwa kadiri ya siku zake za kungoja. Kama sababu ni nyingine, kwa mfano kampuni hailipi wakulima, basi usingoje. Hasara ya mia chache ni ndogo. Wazee wanaikumbuka Kenya National Assurance, kampuni ya Serikali, iliyoanguka mwaka wa 1996, na United Insurance, iliyowekwa chini ya msimamizi mwaka wa 2005. Uimara wa kampuni una thamani kuliko kalenda nzuri anayogawa wakala mwezi wa Desemba.

Kabla hujafunga, watembelee wanyama wako mmoja mmoja. Kama yuko anayeumwa, usifunge leo. Soma hati uone kama inalipa kwa siku ya kuugua au kwa siku ya kufa. Nyingi hutazama siku ya kufa. Ng'ombe aliyeanza homa bima ikiwapo, akafa siku mbili baada ya kufungwa, aweza kuwa hasara yako peke yako, kwa sababu kampuni mpya nayo haitamchukua mnyama mgonjwa.

BARUA YENYEWE

Barua ya kufunga bima si kitu kigumu. Waweza kuiandika kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Iandike hivi, ukijaza palipo na nukta:

"Kwa Meneja. Mimi niliyetia sahihi hapa chini nina bima ya ng'ombe kwenu, hati nambari …, ng'ombe wenye hereni nambari … . Naomba bima hiyo ifungwe saa sita usiku, mwisho wa siku ya tarehe … . Baada ya hapo msikate wala msipokee ada yo yote kwa jina langu, ama kwa chama cha ushirika, ama kwa benki, ama kwa simu. Fedha zinazonirudia zilipwe kwa … . Tafadhali nijibuni kwa maandishi, mkitaja siku bima ilipokwisha, hesabu ya fedha zinazorudi, na madai niliyowahi kuleta kwenu. Ni mimi, …"

Angalia yale maneno "mwisho wa siku ya tarehe". Si ya bure. Mswahili wa pwani huuhesabu usiku kabla ya mchana wake, na usiku wa Jumatatu kwake ni ule ambao wengine huuita wa Jumapili. Ng'ombe akifa usiku huo, kampuni mbili zaweza kubishana juu ya neno moja huku mzoga unaoza. Andika tarehe kwa nambari na saa kwa maneno.

Toa nakala mbili. Ya kwanza ipeleke kwenye ofisi ya kampuni, ya pili igongwe mhuri wa kupokea na urudi nayo nyumbani. Ukituma kwa barua pepe, usiufute ujumbe wala jibu lake. Usimpe wakala peke yake: wakala aliyekuuzia hupata riziki yake kwa bima hiyo, na barua ya kuifunga si mzigo anaoufurahia kuubeba. Kisha mpelekee karani wa chama cha ushirika nakala, na mwisho wa mwezi uisome karatasi yako ya maziwa uone kama makato yamekoma.

Lile ombi la orodha ya madai lina kazi yake. Kampuni mpya itataka kujua kama umewahi kudai au kunyimwa bima. Barua ya kampuni ya kwanza hujibu hayo. Kwa gari, barua hiyo hiyo ndiyo inayokupa punguzo la mwaka usiokuwa na dai.

Jibu likifika, liweke pamoja na hati ya zamani. Usiichome hati hiyo. Hasara iliyotokea kabla ya siku ya kufunga bado ni ya kampuni ya kwanza, hata kama wewe umekwisha ondoka kwao.

KAMA UNA MKOPO

Aliyenunua ng'ombe au trakta kwa mkopo wa benki, wa sacco, au wa Shirika la Fedha za Kilimo asifunge kitu kabla ya kwenda kwa mkopeshaji. Itazame hati yako: mara nyingi jina la mkopeshaji limeandikwa ndani, kwa kuwa mali hiyo ni dhamana yake. Kampuni haitakubali kufunga bila idhini yake, au itafunga na kumjulisha. Naye akiona mali haina bima, mapatano ya mkopo kwa kawaida humruhusu kukata bima nyingine mwenyewe na kuongeza gharama katika deni lako, na hutaulizwa unapenda kampuni gani. Nenda kwake na karatasi za kampuni mpya, upate idhini kwa maandishi, na hakikisha jina lake limo katika hati mpya.

PIKIPIKI, TRAKTA NA BIMA YA MAISHA

Pikipiki ya kubeba maziwa na trakta inayopita barabarani ni lazima ziwe na bima ya mtu wa tatu, kwa Sheria Sura ya 405. Hapa hakuna siku za kungoja, lakini kuna cheti. Ukifunga bima kabla ya siku yake, cheti cha kwanza kirudishwe au kifutwe na kampuni iliyokitoa. Siku hizi vyeti huwekwa katika mtambo wa kompyuta unaotumiwa na kampuni zote, na chombo kilicho na cheti hai kwa kampuni moja huonekana kwa nyingine. Kwa hiyo waweza kulipa kampuni mpya, ukanyimwa cheti kwa sababu cha zamani hakijafutwa. Wala usiendeshe kwa cheti cha bima uliyoifunga.

Bima ya maisha ni shauri la peke yake. Usiihamishe kama unavyohamisha bima ya ng'ombe. Ukiivunja katika miaka ya kwanza aghalabu hupati kitu, au hupata kidogo sana kuliko ulichoweka, na mpya utaianza ukiwa na umri mkubwa zaidi, kwa ada kubwa zaidi. Kama ada imekushinda, iulize kampuni kwanza juu ya kuipunguza bima badala ya kuivunja.

KAMPUNI ISIPOJIBU

Kumbuka kwanza kwamba Sheria ya Bima, Sura ya 487, hairuhusu kampuni kubeba hatari yako kabla ada haijalipwa au haijawekewa dhamana ya kulipwa. Basi usiifunge ya kwanza kwa sababu umejaza fomu ya pili. Ngoja mpaka ushike risiti ya kampuni yenyewe na hati inayoonyesha siku ya kuanza. Fedha zilizoingia katika simu ya wakala hazikupi risiti hiyo.

Ikiwa umeandika barua na kampuni ya kwanza imenyamaza, au inaendelea kukata, andika mara ya pili ukiambatisha nakala ya kwanza yenye mhuri. Ikinyamaza tena, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, ambayo wengi huiita IRA, iliyoanza kazi mwaka wa 2007. Wao ndio wanaotoa leseni kwa kampuni na mawakala, na kila mwaka hutangaza orodha ya wenye leseni. Yafaa uisome orodha hiyo hata kabla ya kutia sahihi kwa kampuni mpya. Watakuuliza nambari ya hati, siku ulipoandika, na ulichojibiwa. Wapelekee nakala za barua na za karatasi za maziwa zinazoonyesha makato, na zile zenyewe zibaki nyumbani kwako.